Habu ya Kushoto

Watu wa Kimolwet wakitaka kumtania Hezekiah Kimeli husema kwamba kila asubuhi yeye hulisalimu gari kabla ya kumsalimu mkewe. Si uongo. Jua likiwa bado halijagusa mashamba ya chai, utamkuta amelala chali chini ya pikapu yake nyeupe, tochi mdomoni, akitazama kama kuna oili iliyodondoka usiku. Akimaliza huko chini huja juu: maji, oili, mkanda wa feni, upepo wa magurudumu, ndoano ya trela. Kisha hugonga kila nati ya gurudumu kwa nyundo ndogo na kutega sikio, maana nati iliyolegea hailii kama iliyokazwa. Baada ya hapo ndipo huingia jikoni, na mkewe, Esnah, humuuliza kama huyo mke mwenzake ameamka salama.

Gari lenyewe ni la aina ya foo-wili, ile inayoweza kuvuta kwa magurudumu yote manne. Alilipata kwenye mnada wa shamba moja kubwa la chai upande wa Kericho, alikokuwa dereva wa trekta tangu ujana wake. Siku ile lilikuwa limechoka kiasi kwamba hata wanunuzi wa vyuma vikuukuu walilipita. Hezekiah alilifufua kidogo kidogo, akaliita Chelel, jina ambalo Wakipsigis humpa ng'ombe jike mweupe.

Wako watu ambao umiliki wao wa gari unaishia kwenye ufunguo. Gari likianza kuguguma, wao huongeza sauti ya redio. Hezekiah hakulelewa hivyo. Kwake, kitu kikiitwa chako, basi na maumivu yake ni yako, na usipoyasikiliza leo utayasikia kesho mbele za watu.

Kazi ya Chelel ni kuvuta trela. Kituo cha kununulia majani cha Kimolwet kiko bondeni, na barabara ya kutoka huko hadi kwenye lami, karibu na Silibwet, ni mlima wa udongo mwekundu ambao mvua ndefu huugeuza kuwa sabuni. Lori la kiwanda liliacha kushuka. Wakulima waliambiwa kituo kitafungwa, wawe wakibeba majani mgongoni hadi kituo cha ng'ambo ya mto. Kwa wazee na kina mama wenye watoto wachanga, hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa waache chai. Hezekiah ndiye aliyesema Chelel angepandisha majani hadi kwenye lami, na lori lingeyapakia huko. Kiwanda kikakubali kwa sharti moja, kwamba majani yafike mazima.

Na majani mabichi hayana subira. Yakikaa yameshindiliwa guniani hupata joto, yakaanza kuwa mekundu. Wakulima husema yameungua. Mwaka huu, mwanzoni mwa mvua, mzigo mmoja wa Kimolwet uliungua kwa sababu mti ulikuwa umeanguka barabarani. Afisa wa majani wa kiwanda, Christabel Okello, mwanamke asiyepoteza maneno, alishuka kwa miguu hadi kituoni akasimama mbele ya wakulima.

"Ajali ninaielewa," alisema. "Uzembe siuelewi. Mzigo mwingine ukiungua kwa uzembe, hiki kituo kinafungwa."

Kila mtu alimgeukia Hezekiah, na Hezekiah akaigeukia Chelel.

Siku ambayo maneno hayo yalipimwa ilikuwa Jumatatu. Mchana ule trela ilikuwa imejaa magunia hadi juu, na mvua ilikuwa imetoka tu kuacha. Hezekiah alishuka akazungusha habu za magurudumu ya mbele, vile vifungo vya katikati ya gurudumu ambavyo visipofungwa magurudumu hayo hayavuti. Akaingiza gia ya foo-wili, akaanza kupanda. Alipofika kwenye kona yenye matope mazito, magurudumu ya nyuma yakaanza kuchimba. Ya mbele yalisimama tu, kama wageni wanaotazama wenyeji wakifanya kazi.

Hezekiah hakukanyaga mafuta. Dereva wa haraka angekanyaga, akajizika hadi kwenye ekseli. Yeye alirudi nyuma taratibu, trela ikimtangulia, mpaka kituoni.

Watu wakamzunguka. Phyllis Chepkurui, mwenyekiti wa kamati ya kituo, alikuwa wa kwanza kuuliza, akimwita Boiyot, yaani mzee.

"Boiyot, Chelel amekataa?"

"Mbele hakuvuti, Mama."

"Na si wiki iliyopita ilikuwa kwa fundi?"

Hapo Kipkemoi, ndugu yake Esnah, akapata nafasi. Kipkemoi ni mtu wa sauti kubwa na moyo mwepesi, na kimya cha watu wengine humsumbua.

"Ndiyo nilikuwa nasema," alisema. "Huyo Ogada ndiye alifungua mbele. Mtu wa ziwa anajua samaki. Gari ya mlima atajulia wapi?"

Watu wakacheka, ingawa hawakuwa na sababu ya kucheka. Ogada ana gereji Silibwet. Alitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kwenye karakana za mashamba ya chai, akaoa, akajenga, akazeekea huku. Siku ya kawaida ni rafiki wa kila mtu. Siku ya shida ndipo watu hukumbuka alikotoka.

"Umemwona akikosea, shemeji?" Hezekiah aliuliza.

"Sijaona. Lakini nani mwingine ameshika hiyo gari?"

"Hilo ndilo tutauliza gari lenyewe. Lakini kwanza tutoe majani kwenye magunia."

Phyllis alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri. "Tumemaliza kupakia sasa hivi. Migongo hata haijapoa."

"Najua. Lakini mimi sijui nitamaliza lini kulitazama, na majani hayatanisubiri. Mwageni yote kwenye meza na turubai, chini ya kibanda. Yakae membamba, na watu wayageuze kwa mikono."

Walinung'unika, lakini walimwaga. Kina mama wakavua makoti ya mvua wakayatandika pale turubai zilipoisha, na kibanda kizima kikanukia majani mabichi.

Kutafuta ugonjwa wa gari ni kama kutafuta ukweli wa jambo lolote: asiyetaka kwenda hatua kwa hatua hufika haraka mahali pasipo. Hezekiah alipeleka Chelel kwenye nyasi tambarare, akaifungua trela, akaweka mawe mbele ya magurudumu ya nyuma. Akainua mbele kwa jeki, na kwa kuwa jeki peke yake si kitu cha kuaminiwa na mtu mwenye watoto, akaegemeza chasisi juu ya magogo. Yeye akajilaza kando, mbali na magurudumu.

"Shemeji, ingia ndani. Ingiza foo-wili, gia ya kwanza. Achia klachi polepole, gari lisogee kama linanyata, na nikisema simama, simama."

Magurudumu ya nyuma yalibana mawe. Kabla injini haijazimika, Hezekiah aliona alichotaka kuona.

"Simama."

Propela ya mbele, lile bomba refu linalopeleka nguvu ya injini mbele, ilikuwa imezunguka vizuri, bila kugonga. Katika propela ile ndimo mlimokuwa na krosi mpya, kile kiungo alichobadilisha Ogada. Basi kazi ya Ogada ilikuwa nzima. Hezekiah alitazama mbele zaidi, kwenye shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Ya kushoto ilikuwa imezunguka, lakini gurudumu lake lilikuwa limesimama tuli. Tena tabia ya difu, kile kinachogawa nguvu kati ya magurudumu mawili, ni kupeleka nguvu upande ulio mwepesi, kwa hiyo gurudumu la kulia nalo lilikuwa limebaki na njaa.

Kati ya shafti na gurudumu kuna kitu kimoja tu, nacho ni habu. Hezekiah akachukua spana akaifungua ya kushoto, bolti moja baada ya nyingine, akiziweka kwenye kofia yake zisipotee nyasini. Kifuniko kilipotoka, unga wa chuma ulimwagika kiganjani mwake pamoja na grisi. Meno ya ndani yalikuwa yamenyolewa. Yaling'aa, na chuma kilichovunjika zamani hakiwi na mng'aro ule.

Alikaa kitako kwenye nyasi akiwa na kile chuma mkononi, akafikiri. Matopeni gurudumu huteleza, na kule kuteleza ndiko kunakookoa meno ya habu. Kinachonyoa meno namna hii ni kufunga magurudumu yote manne kisha kwenda mwendo mrefu kwenye lami kavu, mahali ambapo gurudumu halina pa kutelezea na kila kona hulikaza gari kama kamba inayosokotwa. Na Chelel ilikuwa imekwenda mwendo mrefu kwenye lami mara moja tu tangu itoke kwa Ogada. Ilikwenda Chepilat siku ya Jumamosi, ikivuta trela ya viti na mahema ya koito, ile sherehe ya kuchumbia, ya binti wa Kipkemoi. Aliyeendesha alikuwa Kipkemoi mwenyewe.

Hezekiah alikumbuka pia jambo lililomchoma zaidi. Gari liliporudi jioni ile hakulikagua. Alitamani kuinama chini yake, lakini shemeji yake alikuwa amesimama pale, na kukagua mali mbele ya shemeji mara anapoirudisha ni kama kumwambia humwamini. Akapokea ufunguo kwa mikono miwili, akashukuru, wakaingia kunywa maziwa. Jumapili alikwenda kanisani. Asubuhi ya Jumatatu alikagua kila kitu kama kawaida yake, ila habu hazionyeshi ugonjwa mpaka zifungwe.

"Shemeji," aliita kwa sauti ya chini. "Kuja uone."

Kipkemoi alishuka, akaja, akaona.

"Siku ya Chepilat, habu ulizifunga?"

Kipkemoi alitazama kile chuma, akatazama watu waliokuwa wakigeuza majani, akatazama chini. "Nilifunga. Mzigo ulikuwa mzito. Plau ukifunga ng'ombe wanne si inavuta kushinda ya wawili?"

"Na kwenye kona?"

"Ilikuwa inabana. Kama ng'ombe hataki kugeuka. Nikaongeza mafuta."

"Hukuniambia."

"Ilifika, Hezekiah. Nikaona kitu ikifika, imefika."

Phyllis alikuwa amesogea na alikuwa amesikia yote. Aliwavuta wote wawili nyuma ya gari.

"Sasa sikilizeni. Christabel alisema ajali ataelewa, uzembe hapana. Tukimwambia gari ilienda sherehe ikaharibiwa, hiyo ni uzembe, kituo kimeisha. Tukisema fundi alifunga vibaya, hiyo si makosa yetu. Ogada hata hatapoteza kitu. Kiwanda haimjui."

"Mimi ninamjua," Hezekiah alisema.

"Boiyot, hapa kuna wamama wenye mgongo mbaya. Utawapeleka ng'ambo ya mto kwa sababu ya jina la mtu mmoja?"

Swali lile lilikuwa zito, na Hezekiah hakujifanya kwamba ni jepesi. Alikiona kituo. Alimwona bibi wa jirani, ambaye huja na kikapu kimoja tu na kukishusha kwa kuugulia. Kisha akatazama chuma kilichokuwa mkononi mwake.

Wakipsigis wana desturi ya zamani waiitayo kimanagan. Ng'ombe wa mtu mmoja hulishwa kwenye boma la mwingine, naye mlishaji hunywa maziwa. Ng'ombe akifa huko, mlishaji haji na hadithi. Huja na ngozi. Huiweka mbele ya mwenyewe, na mwenyewe huitazama akajua kama alikuwa chui, au ugonjwa, au ni njaa iliyotokana na uvivu wa mlishaji. Baba yake Hezekiah aliwahi kutembea siku nzima kutoka Siongiroi na ngozi begani, na aliyeipokea alimpa ng'ombe mwingine wa kulisha.

"Mama," alisema, "tutapeleka majani, na tutapeleka ukweli. Tuanze na majani."

Alifunga ile habu iliyonyolewa kwa kitambaa akaitia mfukoni. Kisha akapanga kupanda mlima kwa magurudumu mawili. Alipunguza upepo kwenye magurudumu ya nyuma hadi yakalala kidogo, yapate kushika udongo kwa upana. Majani yaliporudishwa kwenye magunia, yale yaliyokuwa ya trela akayapanga ndani ya pikapu yenyewe, juu kabisa ya ekseli ya nyuma, ili uzito uyakandamize magurudumu yanayovuta. Trela ilibeba machache. Yaliyobaki yangebebwa na watu kupita ile kona ya matope, na Chelel ingeyapokea mahali pagumu.

"Nani atabeba?" mtu mmoja aliuliza.

Kipkemoi alikuwa ameshainama. Alitupa gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso kama wanavyobeba kina mama, akaanza kupanda. Hakusema kitu, na Phyllis alisema baadaye kwamba hiyo ndiyo siku pekee alipomwona Kipkemoi amenyamaza kwa umbali wote ule.

Hezekiah alipanda kwa gia nzito ya chini, mguu ukigusa mafuta kwa adabu. Watu wawili walimfuata kando na mawe, tayari kuzuia trela ikitaka kurudi. Kwenye kona, nyuma ya Chelel ilichezacheza kulia na kushoto, ikatulia, ikashika. Hakubadilisha gia wala hakuharakisha. Magurudumu ya mbele yalibingirika tu, bila kusaidia, na ya nyuma yakabeba kazi ya manne. Walipofika pagumu, waliobeba walitupia magunia yao kwenye trela na kuketi juu ya nyasi, matope hadi magotini.

Kwenye lami lori lilikuwa linasubiri, na Christabel alikuwa amesimama kando yake na mwavuli. Hezekiah alishuka, akachukua pampu ya mkono, akaanza kuyarudishia magurudumu upepo, maana yaliyolegea hivyo hayafai lami. Christabel alimjia hapohapo.

"Mmechelewa, Mzee Kimeli."

"Tumechelewa, Madam. Habu ya kushoto ilikufa."

"Fundi alikosea?"

Phyllis alikohoa. Kipkemoi aliacha kujifuta matope.

"Fundi hakukosea," Hezekiah alisema, akaacha pampu na kusimama wima. "Gari lilienda sherehe ya kwetu Jumamosi. Liliendeshwa kwenye lami na habu zimefungwa. Aliyeendesha hakuwa amefundishwa, na wa kumfundisha nilikuwa mimi. Liliporudi sikulikagua vizuri. Hiyo ndiyo habari yote."

Alitoa kitambaa mfukoni akakifungua. Christabel alitazama yale meno yaliyonyolewa, kisha akamtazama yeye. Alikwenda kwenye pikapu, akafungua gunia la katikati, lile ambalo huungua kabla ya mengine, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Akautoa, akanusa kiganja. Akafungua la trela. Akaenda tena kwenye pikapu, akafungua la chini kabisa.

"Ni baridi," alisema. "Mlifanya nini?"

"Tulimwaga chini ya kibanda wakati ninatafuta ugonjwa," Hezekiah alisema. "Wakulima waliyageuza kwa mikono."

"Yote?"

"Yote," Phyllis alidakia. "Uliza mgongo wangu."

Christabel alifunga gunia. "Lori langu halipakii sababu, linapakia majani. Haya ni mazima. Pakieni." Alipokuwa akigeuka aliongeza, bila kucheka, "Lakini hiyo gari ikienda harusi tena wakati wa mvua, nialikwe nione imefungwa namna gani."

Kesho yake Hezekiah alimchukua Kipkemoi wakaenda Silibwet na Chelel. Ogada alikuwa ameinama ndani ya boneti ya gari la mtu. Alinyoosha mgongo alipowaona, akaona na kitambaa.

"Mzee Kimeli. Umeniletea nyama ya koito?"

"Nimekuletea ngozi," Hezekiah alisema, akaiweka habu juu ya meza ya kazi.

Ogada aliigeuzageuza kwenye mwanga. Hakuhitaji kuambiwa. Alimtazama Kipkemoi kwa upande wa jicho. Maneno ya bondeni hupanda mlima ule upesi kuliko trela yoyote.

"Omera, ndugu yangu, nasikia mimi najua samaki tu."

Kipkemoi alikuna shingo. "Nilisema hivyo. Mbele ya watu. Jioni nitasema ingine mbele ya watu hao hao."

"Utasema nini?"

"Nitasema kazi yako ilikuwa inazunguka vizuri. Mimi ndiye sikujua kona."

Ogada alicheka hadi akashika meza, kisha akaingia ndani, akapekua kwenye sanduku la vyuma vya zamani, akatoka na habu nyingine. Alitaka kuifunga mwenyewe, lakini Hezekiah akamnyang'anya spana na kumpa shemeji yake. Kipkemoi akachutama, akakaza bolti moja baada ya nyingine. Kisha akaambiwa azifungue habu zote mbili, azifunge tena, azifungue, huku akieleza kwa sauti wakati wa kufunga na wakati wa kufungua, mpaka wateja waliokuwa gerejini wakaanza kumsaidia kujibu.

Kituo cha Kimolwet kiko wazi hadi leo. Chelel bado huazimwa, kwa mazishi na kwa sherehe, kwa sababu Hezekiah hawezi kumnyima jirani. Lakini gari likirudi, Hezekiah hulala chali chini yake pale pale, mbele ya aliyelirudisha, awe shemeji au mchungaji, na kila habu huifunga na kuijaribu kabla hajapokea ufunguo. Mwanzoni wengine walinuna. Siku hizi aliyeazima huchutama naye upande wa pili, akamshikia tochi.